Nahodha na Wanaoelea

Nicholas Monsarrat alipotoa kitabu chake The Cruel Sea mwaka 1951, alitia humo tukio moja ambalo wasomaji hawalisahau. Nahodha Ericson anaamini kuwa nyambizi ya Wajerumani imejificha chini ya mabaharia wanaoelea baada ya meli yao kuzama. Anaamuru mabomu yatupwe. Watu wanakufa kwa mkono wa aliyekuja kuwaokoa, na nyambizi yenyewe haithibitiki kuwa ilikuwapo.

Tukio hilo hulinganishwa mara nyingi na msiba wa Khedive Ismail. Meli hiyo ya abiria, iliyoundwa Uskoti mwaka 1922 na wakati wa vita ikafanywa chombo cha kuchukulia askari, iling'oa nanga Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa topedo mbili na nyambizi ya Kijapani I-27, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Katika watu 1,511 walikufa 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari Petard ilitupa mabomu yake hali waliosalia wangali majini.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaokisifu kitabu pasipo kadiri. Shaka ile ya mtungaji ni hila nzuri ya hadithi, kwani msomaji hubaki akijiuliza kama nahodha alikosea. Lakini I-27 ilikuwako kweli, na siku ile ile ilizamishwa. Nahodha alikuwa na haki, na watu wakafa vile vile. Msiba huo ni mzito kuliko msiba wa kosa, maana hauna wa kulaumiwa wala wa kusamehewa. Tena Monsarrat, mwanamaji mwenyewe, husimama juu ya sitaha daima. Huzuni yote ni ya mtoa amri. Wanaoelea hatuwajui hata kwa majina.

Simlaumu, aliandika alichokijua. Lakini sisi tunao utenzi, ambao kwa desturi yake humtaja shujaa kwa jina na kumpa kauli kabla hajafa. Shaaban Robert aliutumia kwa vita hivyo hivyo vya 1939 hata 1945. Majina nayo yapo, yameandikwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki kwenye makaburi ya vita ya Nairobi.