Furaha ya Yasmin, Isikizya

Wengi waliokwisha kuiandikia riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, wameanzia kwa Denge. Huyo ndiye mpigania uhuru, aliyesoma Urusi, anayeandamwa na makachero wa Inspekta Wright. Na kwa kuwa riwaya yenyewe inasimulia Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni, si ajabu wasomi wakaielekeza darubini yao huko. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita waliisoma vivyo hivyo: ukombozi, matabaka, ndoa ya kulazimishwa, kisha mtihani. Sina ugomvi na usomaji huo. Ila mimi niliyeishia darasa la saba, na fasihi nikajifundisha mwenyewe kwa mwanga wa kibatari, sikuwa na mtu wa kunionyesha pa kuanzia. Nilipokifungua kitabu nilimkuta mlangoni msichana aliyenyang'anywa furaha yake, nikakaa naye.

Kisa chake msomaji wa visiwani anakijua. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa Raza, mtu mwenye umri wa kumzaa. Anahamishiwa Mombasa, anatoroka, anarejea Unguja, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma wa Ng'ambo, mwanamke asiye na kitu ila chumba chake, kicheko chake na taarabu. Humo ndimo Yasmin anamofufuka.

Nathubutu kusema kwamba hili lilikuwa jambo jipya katika kalamu ya Shafi. Mkumbuke Kijakazi wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), aliyeumalizia umri wake katika kumtumikia bwana. Tulimhurumia Kijakazi, na huruma ile ilikuwa na kazi yake. Lakini mhusika wa kike anayehurumiwa tu huwa ameumbwa nusu. Zaidi ya miaka ishirini baadaye mwandishi yuleyule anamruhusu mwanamke acheke, aimbe, apende, akosee, na haoni haja ya kumwombea radhi kwa msomaji.

Msimu uliopita wa tumbaku nilikwenda Isikizya, kwenye makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kumtazama shangazi yangu, nikakichukua kitabu hiki mkobani. Shangazi hakusoma, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Lugha ya nyumbani ni Kinyamwezi. Zamani alikuwa mwimbishaji wa ngoma za wanawake, wa kuombwa mpaka vijiji vya mbali. Ni miaka mitatu sasa tangu afiwe na mumewe, na tangu siku ile hajaimba. Mwaka wa kwanza alinyamaza kwa huzuni. Miaka miwili iliyofuata alinyamaza kwa kuwa watu wa ukoo walisema mjane anayeimba anatafuta kitu.

Basi mchana, wao wakichambua majani ya tumbaku kwa madaraja kivulini mwa bani, mimi nilisoma aya kwa Kiswahili na kuifasiri palepale kwa mdomo. Nimefasiri mengi maishani, lakini sijapata kubanwa kama nilivyobanwa na wanawake wale watano. Kwanza walinisimamisha kwenye neno shoga. Pwani mwanamke humwita hivyo rafikiye wa chanda na pete; bara neno hilo limekwisha kuchukuliwa na maana nyingine, wakatazamana na kucheka. Nikaeleza. Shangazi akasema neno zuri namna hiyo halikustahili kuibiwa.

Lililonitoa jasho zaidi ni raha na furaha. Katika mazungumzo tunayachanganya, na pengine hakuna hasara. Katika riwaya hii tofauti yake ndiyo roho ya kisa. Kwa Raza, Yasmin hakukosa paa wala chakula; kama raha ni tumbo kushiba na mwili kupumzika, fungu lake alilipata. Furaha aliikuta kwenye umaskini wa Mwajuma, kwa sababu kule aliulizwa anataka nini. Nilipolifafanua hili, mmoja wa wasikilizaji alisema kwamba yeye hajaulizwa swali hilo tangu aolewe. Kazi ikaendelea kimya kwa muda mrefu.

Niseme pia, kwa kupita, kwamba sisi wa bara tuna njaa yetu tunapovisoma vitabu vya pwani. Mara nyingi bara ni mahali pa kupita na msafara, kama katika Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah: watu huja huku na bidhaa na kurudi na hofu. Njia ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilitembewa pia na wapagazi wa Kinyamwezi kwenda baharini, na wako waliobaki visiwani. Nilipowaambia kwamba Ng'ambo ya Unguja ilijaa watu wenye asili ya bara, Mwajuma akageuka jirani.

Nina lawama moja, na siyo yangu peke yangu. Kuelekea mwisho, Denge akishaondoka, mwandishi anamtafutia Yasmin bandari, naye anaolewa na Bukheti, yule kijana aliyemjua Mombasa. Bukheti ni mtu mwema, na ndoa hii si ya kulazimishwa, sipingi. Lakini riwaya iliyotufundisha kwamba furaha ya mwanamke yaweza kuzaliwa kwenye chumba cha mwanamke mwenzake, inaharakisha kuitia hati za ndoa kana kwamba bila hizo haitadumu. Nilipofika hapo Shangazi aliuliza, "Na Mwajuma je, mwanangu? Yeye nani anamfungulia?" Sikuwa na jibu, na nadhani Shafi naye alimsahau mlezi wa furaha kwa kumshughulikia mlelewa. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ilimpa Siti Amina, mwenyewe mwimbaji wa taarabu, nafasi ya Mwajuma, na macho yangu yalikuwa kwake kila alipoingia.

Siku ya kuondoka, Shangazi alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza kama Mwajuma yumo katika kitabu kilichofuata cha bwana yule. Nikamwambia kilichofuata ni Haini, cha mwaka 2003, nacho ni kitabu cha jela.

"Basi hicho kiache huko huko," akasema. "Ukija tena, nirudie hiki. Uanzie pale anapofunguliwa mlango."