Hariri Isiyo na Mdudu

Katika tenzi na riwaya zetu hariri haina mdudu. Inashuka bandarini ikiwa nguo tayari, inavaliwa na bibi harusi au inatandikwa kwa tajiri, basi. Mwandishi akitaka kutuonesha mali anataja hariri; akifika kwenye ngozi ya mwanamke, hariri tena. Kwa kweli nimechoka nayo.

Kwa uchovu huo nilirudi kuisoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19. Unatuingiza kwenye majumba ya Pate yaliyogeuka magofu: vitanda, majodari, mito iliyotariziwa, na mabwana waliolala juu yake ambao sasa wamo kaburini. Mauti ya utenzi ule tuliyachambua chuoni mpaka yakakauka. Nani alifuma na kutarizi nguo za vyumba vile? Swali hilo halikuja kwenye mtihani hata mara moja.

Na jamani, Pate haikuwa mnunuzi tu. Padri Mreno João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1609, anaisifia kwa wafumaji wake wa hariri. Miaka mingi kabla yake Duarte Barbosa alieleza jinsi watu wa Sofala walivyofumua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, wakazifuma upya nyuzi zile pamoja na pamba yao nyeupe. Kufumua ili ufume. Wahariri mtanielewa.

Halafu kuna hariri ambayo haikupanda jahazi kabisa. Ile ya kufugwa, ya Kichina, hutoka kwa kiwavi anayelishwa majani ya mforosadi. Huchemshwa ndani ya kifukofuko chake ili uzi utoke mrefu bila kukatika. Ya mwituni mara nyingi huokotwa nondo akishatoboa na kuondoka. Uzi umekatika, kwa hiyo unasokotwa kama pamba, na nguo inatoka ya kahawia, nzito kidogo, isiyong'aa sana. Huko Mwingi, Kenya, wanakijiji waliokota vifukofuko vya Gonometa kwenye migunga, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu, icipe. Msitu wa Kakamega una Anaphe, ambao viwavi wake hufuma kiota kimoja kikubwa kwa pamoja, kama familia inayojenga. Hao hao Wajerumani waliwatolea macho kule Bukoba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wayoruba wa Nigeria wanaifuma ya kwao, wanaiita sanyan, na ni nguo ya heshima.

Lakini iliyonirudisha kwa Sayyid Abdalla ni Madagaska. Kule hariri ya mwituni imetumika kwa karne nyingi kufunika maiti; katika sherehe ya famadihana mifupa ya wazee hutolewa kaburini na kufungwa upya kwa nguo mpya. Kwa mshairi wetu, Mwislamu aliyejua kwamba mwanamume haruhusiwi hariri na kwamba sanda yafaa iwe nyeupe ya kawaida, mapambo ya vyumbani ni vitu ambavyo mauti hukunyang'anya. Kwa Wamalagasi, nguo ya hariri ni kitu ambacho walio hai wanampelekea marehemu. Bahari ni moja, na uzi huohuo unasema mambo mawili yanayopingana. Hapo ndipo hariri inapokuwa na kazi ndani ya maandishi. Sisi tumebaki na "laini kama hariri".

Huku kwetu Marui mtoto akiona kiwavi mwenye manyoya anakimbia, na ana haki: nywele za Anaphe zinawasha, hata wanaosafisha viota vyake hujikuna. Msitu nao unaondoka alfajiri kwa bodaboda kwenda Dar es Salaam, ndani ya magunia ya mkaa. Dukani Kisarawe ukiulizia hariri unapewa poliesta, na muuzaji hakudanganyi, ndilo jina analolijua.

Riwaya ya kwanza ya Kiswahili itakayokuwa na mtu anayejikuna akisafisha viota ili apate uzi, tafadhali nitumieni. Nitaichambua hapahapa.