Msisimko si Ashiki: Juu ya Istilahi za Kukaribia Kukumbuka

Miswada ya tafsiri za saikolojia hutaka uangalifu mkubwa kuliko mingine, kwa kuwa mambo inayoyaeleza hutokea ndani ya kila msomaji, naye ana majina yake tayari. Mswada mmoja wa aina hiyo, uliokusudiwa wanafunzi wa ualimu, una sura nzima juu ya mwili unavyoamka na mtu anavyohisi kwamba yu karibu kukumbuka jambo. Sarufi yake ni safi. Kasoro imo katika istilahi mbili, na kwa bahati mbaya sura yote imejengwa juu ya hizo mbili.

Ya kwanza ni "ashiki ya mwili". Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapo lina asili ya kuamsha. Hutumika kwa aliyetishwa, kwa aliyekasirishwa, na pia kwa mwenye tamaa ya mapenzi. Mtafsiri amelishika tawi hili la mwisho akalifanya shina. Lakini anayefukuzwa na mbwa hana ashiki. Moyo wake huenda mbio, viganja hutoka jasho, vinyweleo husimama. Hali hiyo Waswahili huiita msisimko. "Mhemko" nalo halifai, kwani hutaja hisia iliyokwisha kupata jina. Mwaka 1962 Schachter na Singer waliwadunga watu adrenalini, na baadhi yao hawakuambiwa ingewafanya nini. Hao, kwa maelezo ya watafiti hao, walielekea kufuata furaha au hasira ya mwenzao waliyewekwa naye. Majaribio hayo yamepingwa baadaye, lakini dhana yenyewe yahitaji neno: mwili husisimka kwanza, jina la hisia hufuata.

Ya pili ni "kumbukumbu ya ncha ya ulimi". Hapa Kiingereza kimehamishwa kizima kizima. Mwaka 1999 Schwartz alichapisha uchunguzi wa lugha 51 juu ya namna zinavyoitaja hali hii. Lugha 45 hutumia ulimi, mdomo au koo, na Kiswahili kiliwekwa miongoni mwa sita zisizofanya hivyo. Anayesikiliza mazungumzo ya Kinondoni au Temeke hatastaajabu. Mzee akikosa jina la mtaa husema "limenitoka", au "nimepitiwa", au "linakuja, linarudi". Neno ndilo lenye mwendo; msemaji amekaa akilingoja. Twakiri kwamba vijana wengine sasa husema neno lipo ulimini, nasi hatuwakatazi, ila istilahi ya vyuo haina haja ya kuazima kiungo ambacho lugha yenyewe haikukihitaji.

Tena ulimi ni wa maneno tu. Mandler alitoa mfano mashuhuri mwaka 1980: unamwona mtu ndani ya basi, una hakika unamjua, lakini hujui ulimwonea wapi, kumbe ni muuza nyama wako. Ndani ya daladala ya Temeke abiria atasema, "sura yake si ngeni." Ulimi hauna kazi hapo. Kwa hiyo twapendekeza "hisia ya kukaribia kukumbuka". Ni ndefu, lakini yabeba jina lililopotea na sura isiyo ngeni pia.

Uzito wa jambo waonekana istilahi hizi mbili zikutanapo. Mwaka 2005 Goldinger na Hansen walitumia kiti kilichotetemeka kidogo sana wakati watu wakijibu kama waliwahi kuliona neno fulani. Kiti kikitetemeka, watu walielekea zaidi kusema wameliona, hasa maneno magumu, wawe sahihi au wamekosea. Mtikisiko mdogo wa mwili ulichukuliwa kuwa dalili ya kumbukumbu. Weka "ashiki" katika aya hiyo, darasa zima litacheka, na mwalimu hatarudisha utulivu.

Mahakamani hakuna wa kucheka. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Zamani hakimu wa wilaya alisikia Kiswahili akaandika Kiingereza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Shahidi aliyevamiwa usiku, mwili ungali ukimsisimka, akisema "sura yake si ngeni", kisha ikaandikwa "namfahamu", mtu aweza kufungwa kwa tofauti hiyo. Hisia ya kukaribia kukumbuka si kukumbuka, na kumbukumbu za shauri lazima zioneshe hivyo.

Wako watakaosema "msisimko" limekwisha kuchakazwa na magazeti, ambayo huliandika kila Simba na Yanga zinapokutana. Pingamizi hilo lina haki. Kwa sababu hiyo twataka "msisimko wa mwili", maneno yote matatu, na mtafsiri asilidondoshe la mwisho hata sentensi ikirefuka.