Ufundi wa Kumtafuta Eksi

Mwalimu wa darasa la jioni mjini Bagamoyo akitaka kujua nani ameelewa aljebra na nani anabahatisha, hawezi kutoa swali lolote tu. Litazame hili: 7 − 2(x − 3) = 5. Anayefuata kanuni atafungua mabano, apate 7 − 2x + 6, kisha 13 − 2x = 5, na mwisho x = 4. Jirani yake, aliyeisahau MAGAZIJUTO ya shule ya msingi (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), atakimbilia kutoa 2 kwenye 7, aandike 5(x − 3) = 5, na yeye pia apate 4. Wote wawili wanapigiwa vema. Mmoja wao atafeli mtihani wa Novemba na hatajua alikosea wapi.

Mwalimu mzoefu anabadilisha tarakimu moja. Pale penye 7 anaweka 9. Sasa aliyefuata kanuni anapata 5, na yule wa njia ya mkato anaangukia 26/7, jibu la ovyo linalomfanya asite, achungulie daftari la mwenzake, hatimaye anyooshe mkono. Somo linaanzia hapo. Mkaguzi akipita dirishani ataona hesabu ya kawaida ubaoni, hatajua kwamba ile 9 ilichaguliwa kwa makusudi. Bagamoyo ni mji unaojua kusifu mafundi wake: maseremala wa majahazi, wachonga milango, wapiga ngoma wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo. Fundi wa kuchagua tarakimu hajaimbiwa bado, na anastahili.

Wanafunzi wake ni watu wazima, au vijana ambao shule iliwapita. Mlango wao wa kwanza ni QT, mtihani wa maarifa unaosimamiwa na Baraza la Mitihani. Aliyefaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi hii. Mwaka huohuo vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliotoka Sweden. Leo viko 54 nchi nzima, na kwa Mkoa wa Pwani miongoni mwavyo ni vya Kibaha na Kisarawe. Halafu Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mabinti waliokatiza masomo kwa kupata ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Ndiyo maana siku hizi darasani unaweza kumkuta mama anayenyonyesha akinakili milinganyo kwa mkono mmoja.

Tanzania si mgeni wa kusomesha wakubwa. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo chenye manufaa kikafuata, chenye vitabu vya kilimo cha pamba, uvuvi na malezi. Kilifanya kazi kubwa, lakini kwenye hesabu kiliishia kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Herufi kwenye hesabu ziliachiwa watoto wa sekondari. Labda ilionekana kwamba mvuvi hana haja nazo.

Anayo. Wanaokuja darasani wamebeba hesabu nyingi kuliko wanavyodhani, na mwalimu asiyelijua hilo huwapoteza wiki ya kwanza. Chukulia mchuuzi wa mananasi. Kiwangwa, upande wa bara wa wilaya ya Bagamoyo, inajulikana kwa zao hilo. Tuseme, kwa bei za mfano tu, nanasi moja shambani ni shilingi 800, na gari la kukodi ni shilingi 150,000 kwa safari, liwe limejaa au halikujaa. Ukikaa mjini ukaletewa, nanasi moja ni 1,300. Kuanzia mananasi mangapi inafaa kukodi gari kwenda shambani? Mchuuzi wa miaka mingi atajibu bila karatasi: "Mia tatu hivi, chini ya hapo unamfanyia kazi mwenye gari." Anajua kwa sababu aliwahi kupata hasara. Mwalimu anaandika ubaoni 800n + 150,000 = 1,300n, anaondoa 800n pande zote mbili, zinabaki 150,000 = 500n, na n ni 300. Darasa linacheka, maana jibu walikuwa nalo. Kisha mwalimu anapandisha bei ya gari hadi 220,000, na hapo aliyezoea kukisia ananyamaza wakati aliyeandika mstari anajibu 440.

Kwa mtu mzima faida yenyewe ndiyo hiyo: hasara inaonekana kwenye karatasi kabla haijaonekana mfukoni. Watoto hufundishwa aljebra wakiwa hawajawahi kukodi gari wala kukopa mtaji, ndiyo maana wengi huiona kama adhabu. Matokeo ya kidato cha nne yanasema hivyo kila mwaka: katika somo la Hisabati, wanaofaulu kwa kawaida hawafiki hata theluthi ya watahiniwa.

Lugha nayo ina mchango wake. Mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anajua hasi na chanya, anajua mabano, anajua kurahisisha. Anapoingia sekondari, awe na miaka kumi na minne au arobaini, karatasi ya mtihani inamsubiri kwa Kiingereza. Mwalimu wa jioni hufundisha kwa lugha mbili: maelezo kwa Kiswahili, maneno ya swali kwa lugha ya mtihani, yakirudiwa mpaka yazoeleke. Wapo wanaoita mchanganyiko huo uzembe. Wangekaa dawati la nyuma wiki moja tu, wangebadili kauli.

Kuhusu kuogopa herufi, historia ina faraja yake. Kwa miaka mia kadhaa aljebra iliishi bila x wala alama ya sawasawa. Vitabu vyake vya kwanza viliandikwa kwa maneno matupu, hata namba zikiandikwa kwa maneno. Vile vistari viwili vya = vililetwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, naye akaeleza kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko mistari miwili sambamba. Desturi ya kumwandika asiyejulikana kwa x ilienezwa na Mfaransa Descartes mwaka 1637. Kwa hiyo mwanafunzi anayeng'ang'ania kuyaandika maswali yake kwa sentensi ndefu za Kiswahili hajarudi nyuma. Amepita njia waliyopita waanzilishi. Mwalimu mwenye subira humwacha aandike sentensi zake mpaka mwenyewe achoke kuandika.

Mahangaiko haya si ya Tanzania peke yake. Marekani, vyuo vya jamii vimehangaika na aljebra hiihii ya mwanzo kwa miongo. Mtu mzima alikuwa akijiandikisha, anapewa jaribio, anarudishwa kwenye kozi za awali zinazofuatana, na katika kila ngazi baadhi wanaachwa njiani. Mwaka 2017 jimbo la California lilipitisha sheria ya AB 705, iliyovitaka vyuo hivyo visimrudishe mtu nyuma ila pakiwa na ushahidi kwamba kuna uwezekano mkubwa wa kutofaulu akianzia juu. Hoja ya waliopitisha sheria hiyo ina uzito. Lakini Bagamoyo haina njia ya kukwepa: karatasi ya kidato cha nne ipo, na aljebra imo ndani yake. Na hata isingekuwemo, ni hasara kuliacha somo lijulikane kama kizuizi tu, ilhali lina raha yake. Raha hiyo ni kuhakiki. Ukipata x unaipandisha juu, unaiweka mahali pake, na pande mbili zinalingana au hazilingani. Humsubiri mwalimu akupigie vema. Kwa mtu aliyeambiwa utotoni kwamba hana kichwa cha hesabu, kujisahihisha mwenyewe si jambo dogo.

Na kwa watu wa mwambao, aljebra imebeba jambo la nyumbani kabisa. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad zama za khalifa al-Ma'mun, alipoandika kitabu chake karibu mwaka 820, alitoa karibu nusu yake kwa wasia na mirathi. Miongoni mwa masuala yake kuna familia ambayo ungeweza kuikuta katika vijiji vya jirani vya Kaole au Mlingotini: mwanamke amefariki, ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu. Mume, kwa kuwa kuna watoto, anachukua robo. Robo tatu zinazobaki ni za watoto, mwanamume akipata mara mbili ya binti.

Ubaoni fungu la binti mmoja linaitwa x. Kijana ana 2x, mabinti watatu wana 3x, jumla 5x, nazo ni sawa na 3/4. Basi x ni 3/20. Mali inagawanywa mafungu ishirini: mume matano, kijana sita, kila binti matatu. Kama marehemu aliacha minazi 40, kila fungu ni minazi miwili, na baba anapata 10, kijana 12, mabinti sita sita. Mtu wa nyuma anahesabu kwa vidole, anakubali kwamba imetimia 40.

Kisha mwalimu anasema minazi ilikuwa 50. Baba sasa ana kumi na miwili na nusu, kila binti saba na nusu, na mnazi haupasuliwi katikati. Ubishi unaanza. Mmoja anasema ikadiriwe bei, mwingine anauliza bei gani, kwani mnazi unaozaa na mnazi mkongwe si sawa, na wa tatu anataka kwanza madeni ya marehemu yalipwe. Mwalimu anaacha wapigizane kelele kidogo, anafuta 50, na mahali pake anaandika y, thamani ya shamba zima baada ya madeni, hata kama haijajulikana bado: 5x = 3y/4. Somo la herufi mbili lilipangwa kuwa la wiki ijayo, lakini kalamu zimeshaanza kunakili.