Raha Haihitaji Koti la Daktari

Masaji ya miguu ni sanaa kama nyingine, kwa hivyo inaweza kuhakikiwa. Ile niliyofanyiwa kwenye spa moja ya Ekerenyo, kaunti ya Nyamira, ilikuwa na mikono mizuri na hadithi mbaya.

Nianze na mikono. Dada aliloweka miguu yangu kwenye beseni la maji moto yenye chumvi, akaikausha, akaipaka mafuta, kisha akaanzia kisiginoni. Hakuwa na haraka. Aliijua miguu ya watu wa vilima: kupanda hukaza misuli ya nyuma, kushuka huchosha magoti. Alipofika katikati ya unyayo alikaa hapo, kidole gumba kikizunguka polepole, hadi nikasahau simu yangu. Dakika 40, shilingi 500. Kwa hiyo kazi pekee, bana, ningempa maksi zote.

Shida ni hadithi. Ukutani kulikuwa na mchoro wa nyayo mbili zilizogawanywa kwa rangi: vidole ni kichwa, katikati ni figo, na kadhalika. Kila akibonyeza, dada alitangaza kiungo. Hapa ini, hapa kongosho. Mama mmoja kwenye kiti cha pili akasema ana ugonjwa wa sukari na miguu yake inakufa ganzi. "Usijali, mama," akaambiwa, "tukikubonyeza hapa kila wiki, sukari itashuka."

Mchoro huo si wa kale vile tunavyoambiwa. Mwaka 1917, William Fitzgerald, daktari Mmarekani wa masikio, pua na koo, alichapisha kitabu kilichogawa mwili katika kanda 10. Mmarekani mwenzake, Eunice Ingham, akaihamishia ramani hiyo kwenye nyayo, na mwaka 1938 akatoa Stories the Feet Can Tell. Jina lenyewe linasema: ni hadithi.

Na hadithi inaweza kuumiza. Haijathibitishwa kwamba kubonyeza unyayo hutibu kongosho. Kinachojulikana ni kwamba kisukari huweza kuua hisia za miguu, hata mtu akaungua na maji moto bila kujua, na kidonda kidogo kikaishia mguu kukatwa. Yule mama alihitaji mtu wa kupima joto la maji kabla ya kumlowesha, kukagua nyayo zake, na kumwambia asiache kliniki wala dawa.

Sasa, kwa nini raha ione haya hadi ijifiche nyuma ya ini? Nadhani ni hivi: huku, mtu anayechuma chai tangu alfajiri akisema ameenda tu kukandwa, ataambiwa anaringa. Akisema anatibiwa, kila mtu anaelewa. Spa inauza mapumziko lakini inayafunga kwa karatasi ya dawa. Mteja anapata ruhusa, mwenye biashara anapata wateja, na mgonjwa wa kweli anabaki na ahadi hewa.

Ningekuwa mhariri wa ile spa, ningefuta mchoro na kubakisha beseni, mafuta na vidole vile. Mlangoni ningeandika: "Tunakanda miguu iliyochoka." Inatosha. Mwanamke aliyesimama shambani tangu saa kumi na mbili asubuhi si lazima awe mgonjwa ndipo aguswe kwa upole.