Kupima Ubora wa Mapishi ya Samaki katika Mwambao wa Kimbiji

Ubora wa chakula cha baharini huko Kimbiji, kata ya Wilaya ya Kigamboni iliyo kusini mashariki mwa jiji la Dar es Salaam na ambayo hapo awali ilihesabiwa kuwa sehemu ya Temeke, haupimwi kwa wingi wa viungo wala kwa urefu wa orodha ya vyakula, bali hupimwa kwa muda uliopita tangu samaki atoke majini na kwa ujasiri wa mpishi wa kumwachia samaki ladha yake. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, mkazi wa Temeke au Kinondoni aliweza kufika ng'ambo ya Kigamboni bila kusubiri kivuko cha Magogoni, na safari ya kwenda kula samaki pwani siku ya Jumapili ikawa jambo la kawaida. Hata hivyo, umbali mfupi kati ya meza na bahari si ushahidi wa upya wa samaki, kwa kuwa gari lile lile linalomleta mlaji laweza pia kuleta boksi la samaki wa barafu kutoka soko la samaki la Feri, jijini.

Kwa sababu hiyo mlaji mjuzi huanza na kalenda kabla ya kuangalia sahani. Wakati wa kaskazi, yaani majira ya upepo utokao kaskazini mashariki kati ya Novemba na Machi, bahari hutulia na vyombo huweza kwenda mbali, hivyo nguru, jodari na kolekole huonekana kwa wingi zaidi, ilhali wakati wa kusi, kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, upepo mkali huwalazimu wenye ngalawa na mitumbwi kubaki ndani ya miamba, wakapata zaidi changu, tasi na pono. Mwezi nao una amri yake. Siku za bamvua, ambapo mwezi ni mwandamo au mpevu na maji hupwa mno, miamba huachwa wazi na watu huenda kwa miguu kutafuta pweza mashimoni, wakati siku za maji mafu pweza wa kutafutwa kwa miguu huadimika. Dagaa na vibua wanaovuliwa kwa taa, kwa upande wao, huhitaji usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi hufifisha nguvu ya taa na samaki hawakusanyiki.

Kutokana na hayo, jibu linalopaswa kumfurahisha mlaji ni lile linalowaudhi wengi: leo hakuna. Mgahawa unaokiri kwamba pweza hakupatikana, au kwamba kusi imezuia vyombo na kilichopo ni tasi tu, umeonyesha kwamba jiko lake linafuata bahari. Mgahawa wenye kamba kochi, pweza, nguru na kaa kila siku ya mwaka, kwa bei ile ile na ukubwa ule ule, unategemea jokofu, na ingawa kugandisha si dosari, kumwuza aliyegandishwa kwa jina la samaki wa leo ni udanganyifu.

Hatua ya pili ni kumwona samaki kabla hajakatwa, na mhudumu anayesita kumleta samaki mzima mezani, au kumwongoza mgeni hadi kwenye boksi, amekwisha kutoa nusu ya jibu. Jicho la samaki mbichi huwa limetuna, mboni yake nyeusi na ngozi ya juu yake angavu, nalo huanza kubonyea na kupata utandu wa maziwa kadiri saa zinavyopita. Jicho pekee halitoshi, kwa kuwa samaki aliyelazwa moja kwa moja juu ya barafu huweza kupata weupe wa jicho akiwa bado mzuri, ndiyo maana wenye ujuzi hufunua matamvua, yaani sehemu nyekundu zilizo chini ya mashavu ambazo samaki huzitumia kuvuta pumzi. Wekundu wa damu wenye ute mwepesi ni dalili njema. Rangi ya kahawia yenye ute mzito ni dalili ya siku mbili au tatu za uzembe. Ngozi ikibonyezwa kwa kidole gumba karibu na uti wa mgongo hurudi mara moja, na ikibaki na shimo, nyama imekwisha kulegea. Harufu inayotakiwa ni ya maji ya chumvi na mwani, wala si shombo kali.

Tasi anahitaji uangalifu wa peke yake. Samaki huyu hula majani ya baharini, na matumbo yake huoza upesi, kiasi kwamba asipotumbuliwa mapema harufu yake huingia katika nyama ya tumbo na kuitia uchungu ambao hakuna pilipili inayouondoa. Mpishi wa Kimbiji anayemtumbua tasi mara tu anapopokelewa kutoka chomboni, akikwepa miiba ya mapezi yake yenye sumu, anajua kazi yake. Yule anayewarundika tasi wazima hadi mchana ukolee, hata akiwa hodari wa mchuzi, amekwisha kuharibu.

Zipo kasoro mbili ambazo jicho la haraka halizioni. Ya kwanza ni ya samaki wa baruti, uvuvi uliokatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 lakini ambao kwa miaka mingi ulilitesa eneo hili la pwani. Mshindo wa mlipuko humvunja samaki uti wa mgongo na kupasua kibofu chake cha hewa, hivyo samaki huweza kuonekana mzuri kwa nje, lakini akipasuliwa hukutwa na damu iliyovilia ndani na nyama iliyopondeka inayoachana na mifupa kabla ya kuguswa na moto. Ya pili inawahusu nguru, jodari na vibua, ambao wakiachwa juani bila barafu bakteria huzalisha katika nyama yao kemikali iitwayo histamini, na kemikali hiyo haiondolewi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Mlaji huhisi mwasho kama wa pilipili mdomoni, kisha uso huwa mwekundu na kichwa kuuma. Anayehisi mwasho huo katika chakula kisichotiwa pilipili anapaswa kuacha kula papo hapo. Kinga yake ni barafu tu, na katika nchi za joto kipimo kinachoshauriwa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki tangu chomboni.

Viumbe wasio samaki hupimwa kwa njia nyingine. Kaa wa mikoko anunuliwe akiwa hai, na awe mzito kuliko anavyoonekana, kwa sababu kaa aliyetoka kujivua gamba huwa na maji mengi na nyama kidogo. Akibonyezwa upande wa chini wa gamba asibonyee. Kamba wazuri hushikana vichwa na viwiliwili, na kichwa kinachoning'inia au kilichoanza kuwa cheusi ni ishara ya uchakavu. Ngisi mbichi ana ngozi angavu yenye madoa, na rangi ya waridi iliyosambaa humaanisha kuwa amekaa. Kupikwa kwake kuna nafasi mbili tu, ama dakika chache sana juu ya moto mkali, ama muda mrefu juu ya moto mdogo, na katikati ya hapo huwa mpira. Pweza naye hulainishwa kwa kupigwapigwa juu ya jiwe, kisha huchemshwa taratibu hadi ncha ya kisu iingie bila kusukumwa katika sehemu nene ya mkono, pale unapoungana na kichwa. Ngozi yake ya zambarau ikiwa imechunika yote na kuelea katika supu, amepita kiasi.

Baada ya malighafi huja mapishi, na hapa hukumu iliyo wazi zaidi hupatikana katika chakula ambacho wageni wengi hawakiagizi, yaani chukuchuku. Huyu ni samaki anayechemshwa kwa maji machache, chumvi, kitunguu, nyanya kidogo na pilipili mbichi, bila mafuta na bila nazi, akimaliziwa kwa ndimu. Hakuna pa kujificha. Mchuzi wake unatakiwa uwe mwepesi, wenye matone madogo ya mafuta ya samaki mwenyewe juu yake, wala usiwe na povu la kijivu, ambalo hubaki pale mpishi asipoengua. Ndimu ikamuliwe mwishoni, chungu kikiwa kimeepuliwa, kwa kuwa ikichemka sana hubadilika kuwa uchungu. Mahali pa kuonja kwanza ni nyuma ya kichwa, sehemu iliyo nene kuliko zote: nyama hapo iachane na mfupa kwa kusukumwa kidogo tu, ikitoka kwa matabaka yenye unyevu na mng'ao. Iking'ang'ania mfupa haijaiva. Ikivunjika kuwa nyuzi kavu imeachwa motoni mno.

Kigezo hiki cha kumpika samaki bila kumficha si cha Waswahili peke yao. Wapishi wa jamii ya Teochew, wenyeji wa maeneo ya Chaozhou na Shantou mashariki mwa jimbo la Guangdong nchini China, ambao uhamiaji uliwapeleka kwa wingi Thailand, Malaysia na Singapore, wamejenga sehemu kubwa ya sifa yao juu ya wazo hilo hilo. Katika migahawa yao ya jadi samaki hupangwa juu ya barafu au huogelea katika matangi mbele ya wateja, mteja huchagua, na samaki huiva kwa mvuke pamoja na tangawizi, nyanya, majani ya haradali yaliyochachushwa na plamu zilizohifadhiwa katika chumvi. Wanao pia samaki wanaochemshwa katika maji ya chumvi ndani ya vikapu kisha wakaachwa wapoe, na kaa wanaoliwa baridi, na ubaridi huo ni mtihani mkali kwa mpishi, kwa sababu hakuna mvuke wala rojo la kuifunika nyama iliyochoka. Plamu yao hufanya kazi ile ile inayofanywa na ndimu, ukwaju au embe bichi mwambaoni, yaani kuleta ukali unaoinua utamu wa samaki.

Hata hivyo ukali huo una upande wa hila. Shombo la samaki aliyekaa husababishwa hasa na kemikali iitwayo trimethilamini, na asidi ya ndimu huifunga isipae hewani, hivyo harufu hupungua ilhali umri wa samaki unabaki pale pale. Kwa hiyo samaki anayeletwa akiwa ameloweshwa ndimu kupita kiasi atazamwe kwa shaka, na ni haki ya mlaji kuomba ndimu iletwe pembeni.

Mchuzi wa nazi ni uwanja wa ufundi wa juu zaidi, ingawa ni rahisi kuutumia kuficha. Nazi iliyokomaa hukunwa kwenye mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wa meno, kisha hukamuliwa kupata tui la kwanza, lililo zito, na tui la pili na la tatu, ambayo ni mepesi. Mepesi hutangulia chunguni na kumwivisha samaki, na tui zito huongezwa mwishoni, likikorogwa bila kuachwa hadi litokote mara moja. Mpishi akizubaa, tui hukatika, yaani mafuta hujitenga juu na mabonge kubaki chini. Jambo ambalo walaji wengi hawalitambui ni kwamba tui la paketi mara nyingi hutiwa vidhibiti vinavyolizuia lisikatike, kwa hiyo mchuzi laini mno ambao umepashwa moto tangu asubuhi bila kubadilika si lazima uwe ushahidi wa mkono mzuri. Tui la kukamua lina harufu ya nazi mbichi na huacha utelezi mwepesi midomoni.

Samaki wa kupaka, anayechomwa juu ya makaa akipakwa rojo zito la nazi lenye kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ukwaju, apimwe kwa namna rojo lilivyoshika. Likipakwa mara kadhaa, kila tabaka likikaukia kabla ya lingine, hugeuka kuwa ganda jembamba lenye madoa ya kuungua kidogo; likimwagwa mara moja sahanini juu ya samaki aliyekwisha kuchomwa, huyo ni samaki wa kuchoma na mchuzi. Changu na kolekole hustahimili moto huo, lakini pono, mwenye nyama laini, huanguka kati ya makaa, na afadhali apikwe chunguni.

Kuhusu samaki wa kukaanga, ambao ni kazi ya kina mama karanga, wanawake wanaonunua samaki ufukweni na kuwakaanga kwa ajili ya kuuza, hukumu iko katika mafuta. Yakiwa meusi na yakitoa povu linaloenea karai zima, yametumika mno, na samaki wake atakuwa na uchungu hata kama alivuliwa alfajiri. Chanjo za kisu mwilini mwa samaki ziwe zimefika karibu na mfupa, ili chumvi na joto viingie. Ugali na kachumbari havihitaji maelezo marefu: ugali uwe mgumu wa kutosha kushika mchuzi, na kachumbari ikatwe baada ya mteja kuagiza.

Linabaki suala la bei, ambalo katika mwambao huu hukadiriwa kwa ukubwa wa samaki na mara nyingi kwa uzito. Mlaji na amtake mwenye mgahawa ampime samaki mbele yake akiwa mbichi, kwa kuwa uzito hupungua motoni, na wapatane bei kabla samaki hajapelekwa jikoni.