Monita mbili mezani, tivi sebuleni

Anayewanakilia watu filamu na nyimbo kwenye flashi hujua faida ya monita mbili: moja ina orodha ya filamu, nyingine inaonyesha faili zinavyohama. Katika nyumba moja ya Lurujo, upande wa Koboko, kazi hiyo inaendelea hadi usiku, na familia nayo inataka kutazama filamu hizohizo kwenye tivi ya sebuleni bila shughuli ya mezani kusimama. Fundi aliyeunganisha alifaulu kwa sababu aliichukua tivi kama skrini ya tatu inayojitegemea.

Wengi hukimbilia kunakili, yaani tivi ionyeshe kilekile kilichopo kwenye monita. Hapo ndipo picha inapoharibika. Monita za pale ni zile za zamani za inchi 17, zenye vitone 1,280 kwa 1,024, karibu mraba. Tivi ni pana, 1,920 kwa 1,080. Kompyuta ikilazimishwa kutoa picha moja kwa skrini zote, hushuka hadi kipimo ambacho ile dhaifu inakimudu, na tivi ama hubaki na kanda nyeusi pembeni ama huzivuta sura za watu. Dawa ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na kuchukua chaguo la tatu, la kupanua. Kisha dirisha la filamu linasukumwa hadi kwenye tivi na kujazwa huko huko.

Tatizo lilikuwa kadi ya picha. Ina matundu matatu, VGA, DVI na HDMI, lakini kadi nyingi za kabla ya 2012 huwasha skrini mbili tu kwa wakati mmoja. Ukichomeka ya tatu, inabaki nyeusi, na mtu anaanza kulaumu waya. Fundi aliingia kwenye mipangilio ya BIOS, akawasha tundu la VGA la mazabodi lililokuwa limezimwa kwa sababu ya kadi, akahamishia monita moja huko. Kadi ikabaki na monita ya pili na tivi. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora wa kazi nzima, maana haukugharimu hata shilingi.

Sauti ni jambo dogo: HDMI huibeba, VGA haibebi, na inatosha kuchagua tivi kwenye orodha ya spika. Maandishi ya tafsiri yakikatwa chini, tivi ndiyo inayokuza picha, tabia iliyorithiwa kutoka tivi za kioo kizito. Menyu yake ya ukubwa wa picha ina chaguo la kuiacha ilivyo. Na filamu ikigugumia kamera inapogeuka polepole, kumbuka kwamba filamu nyingi zina picha 24 kwa sekunde huku tivi ikipiga 60, hivyo picha moja hukaa mapigo matatu na inayofuata mawili. Tivi ikikubali 24, mgugumio unaisha. Video za muziki za mfumo wa PAL zina 25, nazo hutulia kwenye 50.

Umeme ndio unaohitaji uangalifu. West Nile, eneo ilipo Koboko, iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta, na tangu 2012 bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5, hadi gridi ilipofika Arua 2024. Ndiyo maana nyumba ile ilianzia kwenye sola, na soketi zake hazikuwa na waya wa ardhi. Kompyuta isiyo na ardhi huacha volti zipatazo 120, nusu ya 240 za soketi, kwenye kasha lake la chuma. Ukiligusa kwa mguu mtupu unahisi mchomo mwepesi wa vidole. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini tivi iliyofungwa kwenye dishi la nje lenye njia ya kwenda ardhini huupokea kupitia HDMI, na tundu linaweza kuungua kwa mguso mmoja. Fundi alizika fimbo ya shaba nje ya ukuta, akauleta waya wa ardhi hadi kwenye soketi ya kompyuta. Tena aliwaagiza wenye nyumba: plagi zote mbili, ya kompyuta na ya tivi, zichomolewe, waya wa dishi pia, ndipo HDMI ichomekwe, umeme urudishwe mwisho.